Mume alijua alichoniandikia mteja wangu. Nihamie barua pepe gani?

Mshauri, hujambo?

Mimi ni mshauri nasaha hapa Kisumu. Nina chumba kimoja ghorofani karibu na barabara ya Oginga Odinga, na mlangoni nimebandika kibao chenye jina langu, nambari ya simu na anwani yangu ya Gmail. Wateja wangu wengi ni wanawake wa Nyalenda, Manyatta na Kondele, wachache hufika kutoka Ahero. Mtu akishindwa kutamka jambo tukiwa ana kwa ana, humwambia aende aliandike, anitumie usiku watoto wakishalala. Kwa hivyo kikasha changu kimejaa mambo mazito: ndoa, madeni, hali ya VVU, watoto waliozaliwa nje.

Mwezi uliopita mteja mmoja alikuja akilia. Mumewe alikuwa amemtajia, neno kwa neno, sentensi aliyoniandikia mimi peke yangu, na akakataa kusema ameitoa wapi. Mteja hakunishutumu, ila niliona alivyokuwa akiniangalia. Tangu hapo haniandikii tena.

Nimeuliza huku na kule. Kijana wa dadangu anayesoma Maseno anasema nihamie Proton leo leo, mambo kwisha. Mwenzangu wa kazi anasema hiyo Proton iliwahi kumtoa mtu kwa polisi, afadhali Tuta ya Wajerumani. Kanisani kuna mzee anayejua kompyuta, naye anasema Google husoma kila kitu, lakini nisihangaike kwa sababu wote ni wale wale.

Kuna jambo jingine. Akaunti hii nilifunguliwa mwaka wa 2012 kwenye saiba. Kijana wa pale ndiye aliyejaza kila kitu, hata nambari ya simu, na sina hakika kama aliweka yangu. Nywila ni ile ile hadi leo. KRA, eCitizen na benki wote wanatumia anwani hiyo. Nikihama itakuwaje? Na hizi za kulipia zinalipwaje, maana sina kadi ya kununulia vitu mtandaoni, ni M-Pesa tu?

Mama Nasaha, Kisumu

MSHAURI ANAJIBU

Mama Nasaha, pole kwa hilo, na mpe pole mteja wako pia.

Nianze na yule mume. Unaniuliza kuhusu kampuni, ilhali kinachokukosesha usingizi ni sentensi moja iliyotoka kwenye simu ya mke ikafika kinywani mwa mume. Anayelala kitanda kimoja na mwandishi hana haja ya kuvunja mitambo ya Google. Kikulacho ki nguoni mwako. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, lakini kabla ya kuilaumu Gmail yako ningemuuliza mteja maswali mawili: simu hiyo ilinunuliwa na nani, na ni nani aliyeiwasha mara ya kwanza?

Unajua ilivyo kwetu. Mume hununua simu mjini, akaweka laini, akamfungulia mkewe akaunti ya Google kwa kuwa yeye ndiye "anayejua mambo hayo", kisha akamkabidhi ikiwa tayari. Nywila anayo yeye. Kuanzia siku hiyo anaweza kusoma kikasha cha mkewe akiwa kazini Mamboleo bila hata kuigusa simu. Au kuna simu kuukuu ambayo mtoto huchezea michezo, na akaunti ya mama bado imo ndani.

Halafu kuna njia ambayo wewe mwenyewe unaichangia bila kujua. Mteja amekuandikia kurasa mbili saa tano usiku, kisha akaifuta barua kwenye zilizotumwa. Asubuhi unamjibu: "Pole sana mama, nimesoma, tuonane Alhamisi." Chini ya maneno yako sita, Gmail imeambatanisha kurasa zake zote mbili. Simu ikiwa juu ya kabati inalia, skrini inaonyesha jina lako na kichwa cha barua, na mwenye kutaka kujua akifungua anakuta yote, hata alichodhani amekifuta. Ukijibu wateja, futa kila kitu kilicho chini ya jibu lako. Na umuonyeshe mteja jinsi ya kuzima arifa zinazotokea skrini ikiwa imefungwa.

Hapo hakuna kampuni itakayokusaidia, iwe ya Uswisi, ya Ujerumani au ya mbinguni. Barua iliyosimbwa njiani, yaani iliyogeuzwa kuwa fumbo lisilosomeka, hufumbuliwa ikifika kwenye simu, na aliye na simu ndiye msomaji.

Sasa tuje upande wako, kwa sababu nawe una mlango ulio wazi. Nambari ya simu iliyo kwenye akaunti ndiyo inayotumiwa kurejesha nywila. Ikiwa ni ya yule kijana wa saiba, au ya laini iliyokufa zamani ikauzwa kwa mtu mwingine, basi aliye nayo anaweza kuomba nywila mpya wakati wowote. Fanya hivi leo jioni, kwenye simu yako mwenyewe, usiende saiba. Fungua mipangilio ya akaunti ya Google, ingia sehemu ya usalama. Tazama orodha ya vifaa vilivyoingia. Tazama nambari na anwani za kurejesha akaunti. Kisha ukipata kompyuta, fungua mipangilio ya Gmail yenyewe uangalie kama kuna anwani ambayo barua zako hutumwa moja kwa moja. Wengi hubadilisha nywila wakadhani wamemaliza, kumbe nakala za barua zao zinaendelea kumfikia mtu mwingine, kwa kuwa agizo hilo halifutiki kwa kubadilisha nywila.

Ukikuta kifaa usichokijua, piga picha ya skrini kwanza ndipo ukiondoe. Picha hiyo utaihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu anayetunza habari za watu, zikifikiwa na asiyestahili na kukawa na hatari ya kuwadhuru, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na awajulishe pia wenye habari hizo. Habari za afya ya mtu na za familia yake zimetajwa katika sheria hiyo kuwa data nyeti. Na usijifariji kwamba ofisi yako ni ndogo. Kanuni za 2021 za usajili ziliwasamehe wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi wasiofika 10, lakini msamaha huo hauwahusu wanaotoa huduma za afya na kuwatunza wagonjwa. Kwa kazi unayoieleza, ningewauliza ofisi ya Kamishna moja kwa moja kama unatakiwa kujisajili, badala ya kusubiri kuulizwa.

Baada ya hapo badilisha nywila, iwe ndefu na isitumike mahali pengine popote, kisha uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Tumia programu ya kutoa nambari kwenye simu badala ya ujumbe mfupi. Wizi wa laini upo hapa Kenya, na mwizi akishaibadilisha laini, ujumbe mfupi humfikia yeye.

Je, uhame? Ndiyo, uhame. Ila ujue unahama kwa sababu ipi.

Yule mzee wa kanisani yuko nusu sahihi. Google iliwahi kupitisha mitambo yake ndani ya barua za Gmail ili kuchagua matangazo, na mwaka wa 2017 ikatangaza kwamba inaacha kufanya hivyo. Kwa kuzuia wezi na barua taka, Gmail ni imara kuliko kampuni nyingi ndogo. Tatizo lake kwako ni kwamba funguo za kikasha ziko mikononi mwa kampuni. Barua zinahifadhiwa kwa namna ambayo Google inaweza kuzifungua ikitaka au ikiamriwa. Kwa barua za chama au risiti za stima, hilo si neno. Kwa barua ya mwanamke anayeeleza alivyopata VVU, naona ni vyema aliye na uwezo wa kuifungua awe wewe na yeye tu.

Hapo ndipo kina Proton na Tuta wanapoingia, na hapo ndipo mzee anapokosea, kwa sababu si wale wale. Proton ilianzishwa na watu waliokutana CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, ikafunguliwa kwa umma mwaka wa 2014, na makao yake ni Geneva. Tuta ni ya Hannover, Ujerumani, tangu 2011, na hadi 2023 iliitwa Tutanota. Zote mbili husimba kikasha chako kwa ufunguo unaotokana na nywila yako, hivyo wafanyakazi wao wenyewe hawawezi kusoma barua zilizomo.

Habari ya polisi ni ya kweli, lakini isikie yote. Mwaka wa 2021 mwanaharakati wa mazingira nchini Ufaransa alikuwa akitafutwa na polisi wa huko. Ombi lao likapitia serikali ya Uswisi, na Proton ikalazimishwa kisheria kuanza kurekodi anwani ya intaneti aliyokuwa akiingilia. Hiyo ndiyo iliyotolewa. Yaliyomo kwenye barua hayakutolewa kwa sababu kampuni haikuweza kuyasoma. Na mwenzako asiikimbilie Tuta akidhani huko ni tofauti, kwani mahakama ya Cologne iliwahi kuiamuru nayo ifuatilie akaunti ya mtu mmoja. Kila kampuni hutii sheria za nchi yake, au hufunga, kama Lavabit, kampuni ya barua pepe ya Marekani, ilivyofunga mwaka wa 2013 baada ya kuamriwa kukabidhi funguo zake. Wewe hufichi kitu kwa serikali ya Uswisi. Unawaficha wateja wako kutoka kwa waume, wakwe, waajiri na vijana wa saiba. Kwa shughuli hiyo kampuni zote mbili zinatosha.

Ukinibana nichague moja kwa ajili yako, nitasema Proton, japo kijana wa dadako alikuambia hivyo kwa kuipenda tu. Tuta inaipita Proton kwa jambo moja: husimba hata kichwa cha barua, ilhali Proton hukiacha wazi kwa mtambo wao. Lakini akaunti ya bure ya Tuta ni kwa matumizi ya kibinafsi, nawe unafanya biashara, na mipango yao ya biashara ni ghali zaidi. Mpango wa kulipia wa Proton ulio wa chini, unaokuruhusu kutumia anwani ya jina lako mwenyewe, ni takriban dola 4 kwa mwezi ukilipa mwaka mzima, yaani shilingi mia tano na kitu. Kichwa cha barua utajizoeza. Usiandike "Majibu ya VVU" wala "Kuhusu talaka yako". Andika "Habari". Siku zote "Habari".

Hapa sasa panahitaji umakini, kwa sababu ndipo wengi hudanganyika. Usimbaji wa ncha hadi ncha, yaani barua kufungwa kwako na kufunguliwa kwa mwandikiwa tu, hufanya kazi wenyewe pale tu ambapo mwandikaji na mwandikiwa wote wako Proton. Ukimwandikia mteja wa Gmail barua ya kawaida, nakala inaketi Gmail, wazi kama zamani. Mteja akikuandikia kutoka Gmail, yake nayo imebaki kwenye zilizotumwa. Kuhama kwako peke yako ni kama kutia kufuli mlango wa mbele huku wa nyuma umeegeshwa.

Dawa ipo na haihitaji mteja ahame. Unapoandika barua kwenye Proton kuna alama ya kufuli. Ukiibonyeza unaweka nywila ya barua hiyo. Mteja hupokea kiungo tu. Akikifungua anaulizwa nywila, ndipo asome, na anaweza kukujibu palepale ndani bila maneno yake kupitia Gmail. Usipobadilisha muda, barua hiyo hutoweka baada ya siku 28. Kwa hiyo geuza utaratibu: badala ya mteja kukuandikia kwanza, wewe mtumie barua yenye nywila jioni ya siku mliyoonana, "Habari, nakusikiliza," naye aandike jibu lake humo. Nywila mpatane mkiwa chumbani kwako, kwa mdomo. Usiitume kwa ujumbe wala WhatsApp. Mwambie pia simu ikiuliza kama ihifadhi nywila, akatae.

Hata hivyo, mume akiona kiungo cha barua ya siri kutoka kwa mshauri nasaha, hilo lenyewe linaweza kuzua vita nyumbani. Kwa mteja ambaye simu yake si yake, usitumie barua pepe kabisa. Mpe daftari aandikie ofisini kwako kwa nusu saa kabla ya kikao, na daftari libaki kwenye kabati lako. Swali la nani mwingine anashika simu liwe miongoni mwa maswali ya siku ya kwanza kabisa, sambamba na jina na umri.

Kuhusu anwani: usichapishe kadi mpya zenye jina la Proton. Nunua jina lako mwenyewe linaloishia .co.ke kutoka kwa muuzaji aliyeidhinishwa na KeNIC, shirika linalosimamia majina ya mtandaoni ya Kenya, kisha uliunganishe na Proton. Kulikuwa na kampuni ya barua pepe za faragha iitwayo Skiff, watu wakaisifu sana. Februari 2024 ilinunuliwa na kampuni nyingine, Notion, na kufikia Agosti huduma ikafungwa. Waliokuwa na jina lao walilihamishia kwingine, wateja wao wasijue lolote. Waliochapisha anwani ya Skiff kwenye kadi walizitupa. Ila jina lina ada ya kila mwaka, na ukisahau kulipa, mtu mwingine anaweza kulinunua akaanza kupokea barua za wateja wako. Weka kikumbusho mwezi mzima kabla ya tarehe.

Proton itakupa pia maneno 12 ya kurejesha akaunti. Hayo yaandike kwenye karatasi na uyafungie na hati zako nyingine. Usiyapige picha. Ukisahau nywila bila maneno hayo, unaweza kupewa nyingine uingie, lakini barua zote za zamani zitabaki zimefungwa, na hakuna wa kumpigia simu Geneva akufungulie. Huo ndio upande mchungu wa kampuni isiyoweza kukusoma.

Barua za zamani usizihamishe. Najua Proton ina kifaa cha kuzivuta kutoka Gmail, lakini mbona ubebe siri za 2014 za mtu ambaye labda hata alishahama mji? Sheria hiyo hiyo inataka habari za watu zisikae kuliko zinavyohitajika. Zile za wateja ambao bado unao, pakua uzihifadhi mahali panapofungwa kwa nywila. Zinazobaki futa, pamoja na zilizo kwenye pipa la taka. KRA, eCitizen na benki waache palepale Gmail, ambayo sasa ina nywila mpya na nambari yako halisi. Hakuna sababu ya kuwahamisha. Ila uingie mara kwa mara, maana Google inaweza kufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili. Anwani ile iwekee jibu la moja kwa moja linalowaelekeza wateja kwenye anwani mpya, bila kutaja kazi yako ni ipi.

Malipo yasikutishe. Kwenye M-Pesa kuna GlobalPay, kadi ya Visa ya mtandaoni iliyoanza mwaka wa 2022. Ukiiwasha unapata nambari ya kadi, tarehe na nambari ya siri, unazijaza kwenye ukurasa wa malipo kama mwenye kadi mwingine yeyote, na pesa zinatoka kwenye salio lako. Lipa mwaka mzima mara moja. Ukichagua mwezi kwa mwezi, siku ya kukatwa ikikuta salio halitoshi, malipo yatakataliwa, na deni likikaa bila kulipwa wateja wataanza kukupigia wakiuliza mbona barua zao zinarudi.